Vigezo vya Kamusi Elezo Huru: Kazi Tuliyowaachia Wengine

Kwa miaka mingi mafundi seremala wamefanya kazi kandokando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi. Mkazi wa Woodley aendaye mjini na kurudi huyaona makochi, vitanda na kabati zao kila siku hata akaacha kuvitazama. Jioni moja nilisimama kumtazama fundi mmoja akikata miguu ya viti. Hakuwa na rula wala futi ya kupimia. Alikuwa na kipande chembamba cha plaiwudi kilichokatwa kwa umbo la mguu wa kiti. Alikilaza juu ya ubao, akapitisha penseli pembeni mwake, akakata, kisha akakilaza tena. Miguu 24 ikatoka ikifanana kama shilingi kwa ya pili. Nikamuuliza, "Na kipande hicho kikiwa na kosa, fundi?" Akacheka. "Basi viti vyote sita vitayumba, ndugu yangu. Si kimoja."

Maneno ya fundi huyo yamenirudia mara nyingi tangu mimi na wenzangu tulipoanza kujifunza kuandika kurasa za kamusi elezo kwa Kiswahili. Makala haya yananuia kutetea hoja moja. Vigezo vinavyozipa kurasa hizo umbo moja si suala la mpangilio tu, wala si kazi ya mafundi wa tarakilishi peke yao. Kigezo huchagua maneno kwa niaba ya waandishi wote watakaokitumia. Kwa hiyo kukiunda ni kazi ya lugha, na kazi ya lugha ni yetu sisi tunaoisomea.

Kigezo ni nini?

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi "geza" kina maana ya kuiga, au kukilinganisha kitu na kingine ili kupata kipimo chake. Kigezo basi ni kile tunacholinganishia. Kitenzi "oleza" nacho kina maana ya kufuatisha umbo la kitu, na ndicho kilichotupa neno "kiolezo". Bila shaka kile kipande cha plaiwudi cha fundi wetu ni kiolezo. Hata hivyo, Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, inatumia neno "kigezo", na mimi naona uteuzi huo una busara ndani yake. Kigezo hubeba umbo la kufuatishwa pamoja na kipimo cha kuhukumia. Tunasema "vigezo vya kujiunga na chuo" na "vigezo vya uhakiki". Anayeweka kigezo ameshaamua ni nini kitakachohesabiwa na ni nini kitakachoachwa nje.

Kwa msomaji asiyejua utendaji wake, kigezo ni ukurasa unaosimama peke yake, na jina lake hutanguliwa na neno "Kigezo" na nuktambili. Anayeandika makala kuhusu mji, mto au mtunzi wa riwaya hulitaja jina la kigezo hicho ndani ya mabano yaliyopinda, mawili mwanzoni na mawili mwishoni, kisha hujaza nafasi zilizoachwa wazi. Programu hukitafuta kigezo, hupokea yaliyojazwa, na kuchora kisanduku pembeni mwa makala: jina juu, picha, ramani, majiranukta, nchi, idadi ya wakazi. Kisanduku hakinakiliwi katika kila makala. Huitwa tu, kama mtumishi anavyoitwa na wageni mia kwa jina lilelile. Ukikirekebisha kigezo mara moja, kurasa zote zinazokiita hurekebika.

Faida zisizokanika

Nisidhaniwe kuwa naupinga utaratibu huu. Wikipedia ya Kiswahili ina makala zaidi ya 70,000, nayo yameandikwa na watu wasioonana ana kwa ana, walio Nairobi, Dar es Salaam na ng'ambo. Pasipo vigezo kila ukurasa ungekuwa na sura yake. Huyu angeanza na idadi ya watu, yule na historia, na wa tatu angesahau kutaja nchi. Msomaji anayetafuta jambo dogo angelazimika kusoma ukurasa mzima.

Hali kadhalika, mambo ya dunia hubadilika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na uchaguzi wa mwaka 2013 uliofuata, zilifanya mikoa minane ipishe kaunti 47. Nchini Tanzania mwaka 2012 ilizaliwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 ukazaliwa mkoa wa Songwe. Mwandishi aliyeandika jina la mkoa kwa mkono ndani ya sentensi zake ameacha kazi ya kuhariri ukurasa mmoja baada ya mwingine, miaka nenda miaka rudi. Lakini orodha ya mikoa iliyowekwa ndani ya kigezo, ile inayotokea chini ya kila makala ya mkoa, hubadilishwa mahali pamoja kwa dakika chache. Hiyo ni faida ambayo mhariri wa kitabu kilichochapishwa hawezi kuiota.

Fauka ya hayo, baadhi ya vigezo vya Kiswahili vimeundwa kwa ustadi unaostahili kusifiwa. Chukua kigezo kinachowekwa chini ya makala fupi yanayohitaji kuongezewa habari. Kwa Kiingereza makala ya namna hiyo hupewa jina la kitu kilichobaki baada ya kingine kwisha, mfano wa kisiki au kipisi cha penseli. Kiswahili hakikutafsiri neno hilo. Kiliiita makala fupi "mbegu". Msomaji anayeambiwa kuwa makala aliyo nayo ni mbegu haoni upungufu wa mtu aliyeandika kidogo akaondoka. Anaona kitu kinachongoja maji, na maji hayo yumkini anayo yeye. Huo ni uteuzi wa mtu aliyefikiri ndani ya Kiswahili, na kwa sababu umo ndani ya kigezo umesambaa katika maelfu ya kurasa. Kama neno jema husambaa hivyo, neno lisilofaa nalo husambaa vivyo hivyo.

Zoezi letu la Woodley

Darasani tulipewa zoezi la kuandika rasimu ya ukurasa kuhusu mtaa mmoja wa Nairobi. Kikundi chetu cha watu wanne kilichagua Woodley kwa kuwa ndiko nilikopanga chumba. Kwa haraka ya kutimiza siku ya mwisho, tulichukua mpangilio wa ukurasa wa kata moja ya Dar es Salaam, tukafuta majina yaliyokuwamo, tukajaza yetu. Kisanduku kilipendeza. Sentensi ya kwanza ilisomeka vizuri: Woodley ni kata katika Jimbo la Kibra, Mkoa wa Nairobi, nchini Kenya.

Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti mbele ya darasa, na nusu ya darasa ikacheka. Mwenzetu aliyetoka Tanga hakucheka. Aliuliza kwa mshangao, "Kosa liko wapi? Mbona ni Kiswahili sanifu?" Naye alikuwa na haki. Sarufi haikuwa na dosari hata moja. Lakini kila nomino ya kiutawala katika sentensi ile ilikuwa imepotea njia.

Tazama neno "kata". Nchini Tanzania kata ni eneo lenye diwani wake. Nchini Kenya eneo linalomchagua mwakilishi katika bunge la kaunti huitwa wadi, na nchi nzima ina wadi 1,450. Mkenya asikiapo "kata" humkumbuka chifu, kwa kuwa kata kwake ni eneo la utawala linaloongozwa na chifu, na kata ndogo ni ya naibu wake. Neno "jimbo" nalo ni mtihani zaidi. Kwa Mtanzania, jimbo humchagua mbunge. Kwa Mkenya, hilo ni eneo bunge, nayo maeneo bunge ni 290. Neno jimbo humrudisha kwenye siasa za majimbo za wakati wa uhuru mwaka 1963. Ukivuka hadi mashariki ya Kongo, utawasikia wengi wakiita jimbo eneo kubwa kama Kivu ya Kaskazini, ambalo ni moja ya majimbo 26 ya nchi hiyo tangu mwaka 2015. Mkoa wa Nairobi, kwa upande wake, ulikuwapo, lakini sasa tunaishi katika Kaunti ya Jiji la Nairobi.

Kisanduku chetu kilikuwa na nafasi nyingine iliyouliza idadi ya mitaa iliyomo ndani ya kata. Hapo sote tulikwama. Katika miji ya Tanzania mtaa ni ngazi rasmi ya utawala, una mwenyekiti wake na uchaguzi wake. Nairobi, mtaa ni mahali watu wanapoishi na kupaita kwao. Woodley ni mtaa kwa maana hiyo: nyumba za zamani za baraza la jiji, Barabara ya Joseph Kang'ethe, maduka ya Adams Arcade upande mmoja na Soko la Toi upande mwingine. Wakati huohuo jina la Woodley ni nusu tu ya jina la wadi. Wadi yenyewe huitwa Woodley/Kenyatta Golf Course, nayo ni moja ya wadi tano za eneo bunge la Kibra, pamoja na Laini Saba, Lindi, Makina na Sarang'ombe. Je, ukurasa wetu ulikuwa wa mtaa au wa wadi? Kigezo hakikutuuliza. Kilikuwa kimeshaamua kabla hatujafika.

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Sisi tuliazima nguo iliyoshonwa vizuri kabisa, kwa mwili mwingine. Kosa halikuwa la mshonaji. Lilikuwa letu sisi tulioivaa bila kujitazama kwenye kioo.

Ngeli hazijifichi

Kuna mtego wa pili, nao ni mkubwa zaidi kwa sababu uko ndani ya sarufi. Kigezo ni sentensi yenye pengo. Katika Kiingereza unaweza kuacha pengo karibu popote na kulijaza kwa nomino yoyote, maana nomino hiyo hailazimishi maneno mengine kubadilika sana. Kiswahili hakikubali. Jaza pengo kwa "mtaa", nao utadai "huu una". Jaza kwa "kijiji", kitadai "hiki kina". Jaza kwa "eneo", litadai "hili lina". Katika rasimu yetu ya pili tulijaribu kuunda kigezo chetu wenyewe, chenye pengo mwanzoni likifuatwa na "hii ina wakazi". Kilifanya kazi barabara kwa kata na wadi. Tulipokijaribu kwa aina nyingine za maeneo kikatupa "mtaa hii ina wakazi" na "kijiji hii ina wakazi". Kosa ambalo tungemsahihisha mwanafunzi wa shule ya msingi tulikuwa tumelipa mashine ilizalishe bila kikomo.

Sasa rudi kwenye kile kigezo cha mbegu uone walivyokwepa mtego huo. Nomino inayotawala upatanisho ni "makala", na haibadiliki. Pengo limewekwa baada ya neno "kuhusu", ambalo halina upatanisho na chochote. Utajaza mto, mlima, mchezaji au kijiji, na sentensi itasimama. Angalia pia maelezo yanayowekwa chini ya ramani, "Mahali pa" fulani "katika" nchi fulani. Kiambishi "pa" kinatii "mahali", hakitii jina linalofuata. Huu si ujanja wa tarakilishi. Ni ujuzi wa ngeli. Mhandisi asiyejua Kiswahili hawezi kuubuni, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Kiswahili anaweza.

Kwa upande mwingine, kigezo hichohicho husema "makala hii". Wengi wetu nchini Kenya tumefunzwa kusema "makala haya", na ndivyo nilivyoandika tangu mwanzo wa maoni haya. Sina nia ya kuufufua mjadala huo hapa. Wahadhiri wetu wameujadili, na kila upande una hoja zake. Nataka tuone tu jinsi unavyoamuliwa. Sisi tunajadiliana katika semina, tunaandika tasnifu, tunapiga kura za moyoni. Wakati huo kigezo kimoja kimeweka "makala hii" mbele ya macho ya kila msomaji wa mbegu. Mtoto anayesoma kurasa hizo kila siku hatangoja uamuzi wa semina yetu.

Nani aliyetukabidhi haya?

Sisi wanafunzi wa historia ya Kiswahili tunajua kuwa jambo hili si geni. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikasimamia tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Hadi leo wapenzi wa Kimvita huuliza ni nani aliyewawakilisha. Usanifishaji ule ulitupa lugha moja ya kuandikia kutoka pwani hadi bara, na hakuna anayeweza kuidharau zawadi hiyo. Lakini somo lake la pili ni kwamba asiyekuwapo mezani hukuta maneno yameshapangwa.

Meza ya leo haina mlango wala mlinzi. Kila kigezo kina ukurasa wake wa majadiliano, na yeyote anaweza kuweka hoja humo. Hata vigezo vilivyofungwa visihaririwe ovyo, wakabidhi wanaweza kuvibadilisha wakipewa sababu. Tatizo ni kwamba hatwendi. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala katika Wikipedia ya Kiswahili, na wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania wakashiriki. Lilikuwa shindano la makala. Tangu hapo, aghalabu tunapokumbuka kamusi elezo, tunakumbuka makala: fulani ameandika ngapi, chuo gani kimeongoza. Sijasikia mtu akijisifu kwa kurekebisha kigezo. Na bado mtu aliyerekebisha kigezo kimoja cha maeneo amegusa kurasa nyingi kuliko sisi sote tulioshindana.

Hoja za wanaopinga

Nimeyajadili haya na wenzangu, na wamenipa hoja tatu ambazo sina budi kuzijibu.

Ya kwanza ni kwamba lugha moja haina budi kuwa na istilahi moja. Kama Tanzania wanasema kata na Kenya wanasema wadi, basi kamusi elezo ichague mojawapo ili umoja udumishwe. Nakubali hoja hii kwa istilahi za sayansi. Hakuna sababu ya seli ya damu kuitwa vingine Mombasa na Mwanza. Lakini kata na wadi si majina mawili ya kitu kimoja. Ni vitu viwili vilivyoundwa na sheria za nchi mbili. Kuita wadi ya Woodley kata si kusanifisha lugha, bali ni kukosea ukweli. Umoja ninaoutaka ni wa umbo: mpangilio uleule, mahali palepale, kwa maneno ya mahali husika.

Hoja ya pili ni kwamba jambo hilo haliwezekani kiufundi, maana kigezo kimoja hakiwezi kusema maneno mawili. Kinaweza. Vigezo hukubali masharti. Kigezo kinaweza kuuliza kwanza nchi. Kikijibiwa Kenya, kichore safu za kaunti, eneo bunge na wadi. Kikijibiwa Tanzania, kichore mkoa, wilaya na kata. Msomaji ataona kisanduku kimoja cha rangi moja na upana mmoja. Anayekiandaa anahitaji mtu wa tarakilishi wa kumsaidia kuandika masharti, lakini huyo wa tarakilishi anahitaji zaidi mtu wa kumwambia ni maneno gani yaandikwe.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma, kwa sababu ina ukweli mwingi. Wanasema vigezo vimetufanya wavivu. Mtu hujaza kisanduku, huandika sentensi mbili za idadi ya watu kwa mujibu wa sensa, na kuhesabu kuwa ameandika makala. Hapa naomba tujikumbushe darasa la ushairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliweka wazi kanuni za vina na mizani ambazo watunzi walikuwa wakizifuata kwa karne nyingi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, alizikiuka, na mjadala haujaisha. Lakini pande zote mbili zinajua kwamba mtu anaweza kutimiza mizani 16 katika kila mshororo, ukwapi na utao visikosee, na asiseme neno. Kosa la shairi hilo si la mizani. Ni la mtunzi aliyedhani kuwa mizani ndiyo shairi.

Vivyo hivyo kisanduku cha Woodley hakitasema watu wa mtaa huo wanaongea Kiswahili gani wakiwa nyumbani na gani wakiwa sokoni Toi. Hakitasema jinsi jina la Kibra lilivyo karibu na Wanubi walioishi hapo kabla ya jiji kuwafikia. Hakitamweleza msomaji maana ya kukua katika nyumba ya baraza la jiji na kusikia kuwa mtaa umo katika mpango wa kujengwa upya. Hayo ni ya mwandishi. Kigezo kikibeba ya kawaida kwa usahihi, mwandishi hubaki na nguvu ya kuandika yasiyo ya kawaida.

Mapendekezo

Napendekeza mambo manne kwa chama chetu na kwa idara zetu. Mosi, kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili kiwe na kikundi kidogo cha kusoma vigezo, kama vile tulivyo na vikundi vya kusoma riwaya. Kikundi hicho kichague vigezo vinavyotumika zaidi, kiorodheshe kila neno lililomo, na kuonyesha matumizi yake Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo.

Pili, sentensi yoyote yenye pengo ijaribiwe kwa nomino za ngeli zote kabla ya kukubaliwa. Zoezi hili linafaa hata darasani. Sijui njia bora zaidi ya kumwonyesha mwanafunzi kwamba upatanisho wa kisarufi si pambo.

Tatu, maelezo ya jinsi ya kutumia kigezo yaandikwe kwa Kiswahili, pamoja na majina ya nafasi za kujazwa. Mwalimu wa Kiswahili aliye Wajir au Kigoma asilazimike kupitia Kiingereza ili aandike kuhusu kijiji chake kwa Kiswahili. Jambo hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2012, ilipoanzishwa Wikidata, ghala la pamoja ambalo vigezo vya lugha mbalimbali vinaweza kuchota takwimu humo. Ghala hilo likikosa jina la Kiswahili la kitu, lile la Kiingereza linaweza kujitokeza badala yake, na kisanduku kikawa nusu chetu na nusu cha wengine.

Nne, wahadhiri wetu wakubali kazi hiyo kama kazi ya kitaaluma. Mwanafunzi aliyefanya uchunguzi wa istilahi za utawala katika nchi nne, akaunda kigezo kinachozitofautisha, na kukitetea katika ukurasa wa majadiliano, amefanya isimu tumizi. Apewe alama zake.

Tulipoiandika upya rasimu ya Woodley, tulianza kwa kuamua kuwa ukurasa ni wa mtaa, na kwamba wadi itapata ukurasa wake. Tukaandika kaunti, eneo bunge na wadi katika nafasi zake. Nafasi ya idadi ya wakazi tuliiacha wazi, kwa kuwa hesabu tuliyokuwa nayo ilikuwa ya wadi nzima, si ya mtaa. Mwenzetu wa Tanga ndiye aliyeusoma mbele ya darasa safari hii. Alipofika kwenye neno "wadi" alitua kidogo, akatabasamu, akaendelea. Hakuna aliyecheka.

Samaki mkunje angali mbichi. Wikipedia ya Kiswahili bado ni changa ukiilinganisha na zile za lugha kubwa, na vigezo vyake bado vinakunjika. Baada ya miaka 20 kurasa zitakuwa nyingi mno, na watoto watakuwa wameshayazoea maneno watakayoyakuta. Kipande cha plaiwudi kimelala juu ya ubao sasa hivi, na penseli imeanza kupita pembeni mwake. Tukishike na kukipima kabla miguu yote haijakatwa.